Mgodi mkubwa wa makaa ya mawe: hatari inaendaga wapi?

Hapa Lubumbashi ukitaja kifo cha mgodini kila mtu anaona kitu kimoja tu: shimo limeanguka, ma-creuseur (wale wachimbaji wa mikono) wako ndani, watu wa juu wanalia na wanachimbua kwa mikono. Tuko na sababu ya kuona hivyo, mwezi wa sita 2019 kule Kolwezi kwenye mgodi wa KOV udongo ulishuka ukaua watu zaidi ya 40, na hiyo ni ile iliyosikika tu. Kwa hiyo mtu akisema kompanyi kubwa itakuja ichimbe chini na mashini za maana, vijana wanajibu haraka haraka: "Aah, kule beko na mashini, beko na kaske ya kichwani, beko na munganga. Kufa ni ya huku kwetu."

Nusu ya hayo maneno ni kweli kabisa. Ile nusu ingine ndo nataka tuifungue hapa, na nitaifungua kupitia makaa ya mawe, sisemi makala ya mfuko tunayopikia bukari, nasema yale ya kuchimbwa chini ya ardhi. Mtu anaweza kuuliza Katanga ya shaba na kobalti inahusika nini na makaa ya mawe. Inahusika sana. Tanuru la kwanza la shaba hapa mjini lilianza kazi 1911 na makaa yake yalikuja kwa treni kutoka Wankie, Rhodesia ya wakati ule, leo Hwange ya Zimbabwe. Baadaye tukachimba yetu Luena, upande wa Bukama. Ile cheminée (bomba refu la moshi la tanuru) na ule mlima mweusi unaoonekana mji mzima ulianza na jasho la watu waliokuwa chini kule Wankie.

Tuanze na hewa, kwa sababu kwenye mgodi wa chini kila kitu kinaanza na hewa. Makaa ya mawe yako na gesi ndani, inaitwa methani, haina rangi haina harufu, imefungiwa kwenye mwamba miaka mamilioni na ukiukata inatoka. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya hewa hailipuki, ikipita 15 hailipuki pia juu oksijeni inakuwa imepungua, lakini katikati hapo cheche moja inatosha. Sasa mtu mwenye sururu anakata kidogo na gesi inatoka kidogo. Mashini kubwa za leo, zile zenye ngoma za meno ya chuma zinazokwenda na kurudi kwenye ukuta wa makaa unaoweza kufika mita 300, zinakata matani maelfu kwa siku moja, basi na gesi nayo inatoka kwa mwendo huo huo, na vumbi pia. Tena kadiri unavyoshuka gesi inazidi na joto linapanda. Mgodi kama huo unapumua kwa feni. Feni ikisimama hata kwa muda mfupi watu wote inabidi watoke.

Hapa ndo naona tofauti ya kwanza na shimo la mikono. Ma-creuseur anaangalia paa lake mwenyewe, akisikia mchanga unadondoka anakimbia, akikosea amekosea yeye. Kwenye mgodi wa kompanyi uhai wako uko kwa mtu ambaye hata haumuoni, pengine yuko kilomita mbili kutoka hapo ulipo, yule wa kuangalia feni, yule wa kupima gesi, yule wa kuandika namba kwenye daftari. Akiandika namba ya uongo hautajua.

Sasa vumbi. Watu wengi wanafikiri vumbi ni uchafu tu, kitu cha kufuta usoni jioni. Vumbi la makaa ya mawe ni baruti. Likiwa limelala chini halina shida, lakini kalipuko kadogo ka methani kakilitimua likajaa hewani, linashika moto, na ule moto unatimua vumbi lingine mbele yake, nalo linashika, hivyo hivyo, galeri (njia ya chini) baada ya galeri, kwa mwendo ambao hakuna mtu anaweza kuukimbia. Tarehe 10 Machi 1906 kule Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, mlipuko wa namna hiyo uliua watu 1,099 asubuhi moja, wengine wao vijana wadogo. Siku 20 baadaye wakatokea watu 13 wazima waliokuwa wanazunguka gizani peke yao, wakati juu watu walishakata tamaa ya kupata mzima yeyote. Kabla ya hapo kulikuwa na wataalamu wakubwa kabisa wa Ufaransa waliosema vumbi peke yake haliwezi kufanya maafa makubwa hivyo, lawama ziwe za methani tu. Baada ya Courrières hakuna aliyerudia.

Dawa iliyopatikana ni ya kushangaza kwa urahisi wake: unamwaga unga wa mawe ya chokaa juu ya vumbi la makaa, kwenye sakafu, kuta, paa, mgodi mzima unakuwa mweupe. Mlipuko ukitimua vumbi unatimua na chokaa pia, na chokaa inakula joto, moto unakufa njiani. Marekani sheria inataka asilimia 80 ya vumbi lote lililolala mgodini liwe la kutoungua. Dawa ni rahisi lakini inataka watu wa kuimwaga kila siku, na kadiri mashini inavyokata haraka ndivyo makaa mapya yanafunika ile chokaa ya jana, na saa ya kumwaga chokaa ni saa ambayo hakuna tani inayotoka. Hapo ndo kompanyi inajaribiwa.

Angalia Upper Big Branch, West Virginia, tarehe 5 Aprili 2010. Mgodi wa mashini za kisasa, nchi tajiri, sheria ziko, wakaguzi wako. Meno ya mashini yalikuwa yamechakaa yakapiga cheche kwenye mwamba, mabomba ya kunyunyizia maji hayakufanya kazi vizuri, methani kidogo ikawaka, na vumbi lilikuwa halijamwagiwa chokaa ya kutosha. Watu 29 wakafa. Wachunguzi wa serikali wakakuta kompanyi ilikuwa na daftari mbili, moja ya ndani yenye hatari za kweli na ingine ya kuonyesha wakaguzi. Mkubwa wa kompanyi, Don Blankenship, alihukumiwa mwaka mmoja jela. Mwaka mmoja, watu 29!

Lakini kitu kilichonikamata zaidi kwenye ile habari ni kile ambacho waliofungua maiti walikikuta. Kati ya 29, watu 24 ndo mapafu yao yalibaki ya kutosha kuchunguzwa, na 17 kati yao walikuwa tayari na ugonjwa wa mapafu meusi, wengine walikuwa bado vijana. Yaani mlipuko uliwakuta vumbi limeshaanza kuwaua polepole. Nitarudi hapo, tumalize kwanza gesi.

Ukisikia mgodi umelipuka au umewaka usidhani watu wote wameungua. Wengi wanakufa mbali na moto, hawana hata jeraha. Kinachoua ni ile gesi ya moto uliokosa hewa, monoksidi ya kaboni, na sisi watu wa Lubumbashi tunaijua vizuri hata kama hatujui jina lake. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba kuna watu wanaingiza mbabula (jiko la makala) ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala, asubuhi majirani wanavunja mlango. Ni ile ile kabisa. Inashika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hiyo kidogo tu inatosha, na haina harufu ya kukuamsha. Mwanasayansi mmoja wa Uskoti, John Scott Haldane, alionyesha 1896 kwamba wengi wa wafu wa milipuko ya migodi waliuawa nayo, akashauri wachimbaji waingie na wanyama wadogo, juu kanyama kadogo kanaanguka kabla ya mtu. Ndege wadogo wa njano, kanari, walikaa migodini Uingereza mpaka 1986, hapo vipimo vya umeme vikachukua nafasi yao.

Marcinelle ya Ubelgiji, 8 Agosti 1956, wakati Wabelgiji bado wanatutawala huku: gari la makaa liliingia vibaya kwenye lifti, lifti ikapanda likiwa limetokeza nje, likakata bomba la mafuta na nyaya za umeme, moto ukawaka. Kosa la dakika moja. Watu 262 walikufa kati ya 275 waliokuwa chini, na 136 kati ya hao walikuwa Waitaliano waliokuja kutafuta maisha. Mgodi wa mji wa Soma, Uturuki, 13 Mei 2014, watu 301, wengi wao kwa ile gesi. Na Wankie yenyewe, ile iliyolisha tanuru letu, 6 Juni 1972 mgodi namba 2 ulilipuka na watu zaidi ya 420 wakafa, wengine walikuwa wametoka nchi jirani. Gesi ikawazuia waokoaji kushuka, mgodi ukazibwa, wengi wao wamebaki humo mpaka leo. Ukubwa wa mgodi ndo ukubwa wa msiba hapo, kwani hewa ni moja na lango ni moja au mawili, na watu mia nne wanaivuta hewa hiyo hiyo.

Haya, turudi kwenye mapafu, juu hapa ndo kuna wafu wengi na hakuna redio inayowataja.

Vumbi linaloua si lile unaloliona. Lile kubwa linanaswa puani, unapenga, linatoka jeusi, limekwisha. Lile dogo kabisa, lisiloonekana kwa macho, linashuka mpaka mwisho wa pafu na halitoki tena. Mwili unajaribu kulizungushia kovu, kovu linakua, na kovu halivuti hewa. Likizidi makovu yanaungana yanakuwa bonge moja, na hapo hata ukiacha kazi, hata ukihamia mahali pa hewa safi, ugonjwa unaweza kuendelea wenyewe. Hakuna dawa ya kuuponya. Dawa ziko za kupunguza kikohozi, oksijeni iko, na kwa matajiri wachache kubadilishiwa mapafu. Unachukua miaka 10, 20, kabla mtu hajausikia vizuri, kwa hiyo anapoanza kukohoa mara nyingi ameshaacha kazi na kompanyi haimjui tena.

Marekani peke yake tangu 1968 ugonjwa huu umechangia vifo zaidi ya 76,000. Linganisha na ile milipuko yote niliyoitaja. Halafu kuna jambo ambalo lilishtua hata wataalamu: walipitisha sheria kali 1969 baada ya watu 78 kufa kwenye mlipuko wa mgodi wa Farmington, wakaweka kikomo cha vumbi, ugonjwa ukashuka miaka 30, watu wakaanza kusema umekwisha. Tangu mwaka 2000 hivi ukarudi. Mwaka 2018 watafiti wa serikali wakatoa hesabu kwamba kwenye milima ya Appalachia ya kati, mchimbaji mmoja kati ya watano waliofanya miaka 25 na zaidi ana ugonjwa huo. Kwa nini urudi wakati mashini ni nzuri zaidi? Sababu moja ni mashini zenyewe. Makaa manene yalishachimbwa, yamebaki tabaka nyembamba, na mashini kubwa haiwezi kuchagua, inakata makaa pamoja na mwamba wa juu na wa chini. Mwamba huo uko na silika, yaani ile ya mchanga na mawe magumu, na vumbi la silika ni baya kwa pafu kuliko la makaa mara nyingi. Ongeza na saa za kazi zilizorefuka.

Silika ndo inatuleta nyumbani, juu hiyo haichagui makaa ya mawe, iko kwenye mwamba wa shaba, wa zinki, wa dhahabu. Pale Katuba kuna mzee mmoja jirani alifanya kazi chini kwenye mgodi wa Kipushi miaka mingi. Ukitembea naye kutoka sokoni anasimama kila baada ya nyumba tatu nne, anasalimia watu, anauliza habari za watoto, anacheka, na mimi nilichelewa kujua kwamba zile salamu ni za kutafutia pumzi. Lopitali moja ilimpa dawa za kifua kikuu, akamaliza, kikohozi kikabaki, wakampa tena. Hakuna aliyemuuliza Papa ulikuwa unafanya kazi gani. Sisemi waganga ni wajinga, kifua kikuu kweli kiko kingi kwetu na mtu mwenye silika kwenye mapafu anakipata kwa urahisi zaidi, magonjwa mawili yanapanda pamoja, lakini ukitibu kimoja tu mtu anabaki anahema. Swali moja kwenye fishi ya mgonjwa lingetosha kuanzia: umewahi kufanya kazi mgodini, wapi, miaka mingapi. Kama uko na mzee nyumbani wa namna hiyo mwambie alitaje mwenyewe kwa munganga kabla ya kuulizwa, na aombe radio (picha) ya kifua isomwe kwa jicho hilo.

Maski je? Maski ni ya mwisho kabisa kwenye mstari, hata kama kompanyi inapenda kuipiga picha. Mtu anayebeba na kupanda kwenye joto hawezi kuvaa maski nzuri saa nane mfululizo, anaishusha. Kinachofanya kazi ni maji yanayonyunyizwa pale pale meno ya mashini yanapogusa mwamba, hewa nyingi ya kusukuma vumbi mbali na watu, na mtu wa kupima asiyelipwa na yule anayepimwa. Marekani kikomo kilikuwa miligramu 2 za vumbi kwa mita moja ya hewa pande zote tatu, tangu 2016 ni 1.5. Ni kidogo kiasi kwamba bila chombo cha kupimia hakuna anayeweza kusema kwa macho kama mmepita au hamjapita.

Na hapa nirudishe ile nusu ya vijana, juu wako na haki yao. Uchimbaji mkubwa ukisimamiwa vizuri unapunguza kweli vifo vya ghafla. Marekani mwaka 1907 wachimbaji wa makaa 3,242 walikufa, mwaka 2020 walikufa watano. China mwaka 2002 karibu watu 7,000, mwaka 2018 wakawa 333, na sehemu kubwa ya kushuka ilitokana na kufunga vimigodi vidogo vidogo vya hovyo. Hakuna ma-creuseur anayeweza kujipimia methani au kujifungia feni. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa 1995, unampa mchimbaji haki ya kuondoka mahali akiona hatari bila kufukuzwa, na jirani zetu Zambia wameuridhia. Kwa hiyo sipingi mashini. Ninachosema ni kwamba hesabu ya vifo vya ghafla ikishuka watu wanadhani kazi imekwisha, kumbe mzee wa Katuba hayuko kwenye hesabu hiyo.

Wala watu wa juu ya mgodi hawako. Kuna namna mbili za kuchimba makaa chini. Moja unaacha nguzo za makaa zishike paa. Coalbrook, Afrika Kusini, walizipunguza wakataka makaa zaidi, na 21 Januari 1960 nguzo zikavunjika moja baada ya ingine kama mia tisa hivi, watu 435 wakabaki chini, hawakutolewa hata mmoja. Namna ya pili ndo ile ya mashini ya ukuta mrefu: paa linaachwa lianguke kwa makusudi nyuma ya mashini, na ardhi ya juu inashuka nayo, nyumba zinapasuka, visima vinakauka, mto unabadilisha njia. Hiyo inawapa wachimbaji usalama zaidi, ila mwenye shamba pale juu ndo anapata nyufa. Na mabaki yanayotolewa yanawekwa mahali fulani: Aberfan, Wales, 21 Oktoba 1966, kilima cha mabaki ya makaa kilicholundikwa juu ya chemchemi kililegea kikashukia shule, watu 144 wakafa, 116 watoto. Ule mlima wetu wa Lubumbashi ni wa mabaki ya tanuru, ni kama mawe yaliyoyeyuka, hauteleziki namna ile, nasema hivyo juu kila nikihadithia Aberfan mtu ananiuliza.

Cha mwisho ni maji. Mgodi wa chini ni kisima kikubwa sana, unakauka kwa sababu tu pampu zinafanya kazi usiku na mchana. Kipushi tuliona wenyewe, uchimbaji ulisimama 1993 lakini pampu ziliendelea, 2011 pampu ikaharibika maji yakapanda, na kuyatoa ilichukua miaka. Kwenye makaa ya mawe ni vibaya zaidi, maji yakigusa ule mwamba wenye salfa yanakuwa asidi yenye chuma na yakitoka nje yanaua mto. Ujerumani ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi Desemba 2018, kule Bottrop, na bado inasukuma maji, juu sehemu zingine za bonde la Ruhr ardhi imeshuka mita 20 na zaidi na pampu zikizimwa mitaa inakuwa ziwa. Wanalipa mamia ya mamilioni ya euro kila mwaka, hakuna tarehe ya kumaliza, na wanaweza kulipa juu walitenga mfuko maalumu wakati kompanyi bado ina pesa. Bili ya namna hiyo inaandikwa kwenye mkataba kabla ya shimo la kwanza kufunguliwa, kompanyi ikishafunga ofisi hakuna mlango wa kuipelekea.